Karibuni ni mazurka, karibu ni krakowiak: namna ya kuusikia muziki wa Polandi

Msikilizaji anayekutana na mazurka, ngoma ya Polandi ya mapigo matatu, kwa mara ya kwanza huisikia kama walzi iliyokwenda upogo. Anahesabu moja-mbili-tatu, anayumba kwenye moja, na baada ya vipimo vichache muziki unamponyoka. Anadhani mpiga piano amekosea au sikio lake ni zito. Sivyo. Mkazo haupo pale anapoutafuta: walzi huulalia moja, mazurka huulalia mbili au tatu.

Msemaji wa Kiswahili ana ufunguo ambao Mwingereza au Mfaransa hana. Kipolandi, sawa na Kiswahili, huweka mkazo wa neno kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ngoma za Polandi zimekulia ndani ya nyimbo, na nyimbo zimebeba mkazo wa lugha hadi miguuni mwa wachezaji. Kwa hiyo maneno unayoyatamka kila siku tayari yana umbo la ngoma hizo. Mwongozo huu unaanza na mdomo, unapita kwenye makofi, unaingia kijijini, kisha kwa Chopin, mtunzi wa piano wa Polandi, na waliomfuata. Usiruke sehemu ya makofi hata kama unapiga piano vizuri. Wapiga piano ndio wanaoihitaji zaidi.

Mdomo kwanza

Huhitaji ala. Tafuta sakafu ngumu, programu yoyote ya metronomu (kifaa kinachogonga mapigo kwa usawa) kwenye simu, na dakika 15 kwa siku.

Weka metronomu kwenye mapigo 90 kwa dakika. Kila mapigo matatu ni kipimo kimoja. Sasa sema “karibuni” kwa namna hii: kwenye pigo la kwanza bana silabi mbili, ka-ri; kwenye pigo la pili weka BU peke yake; kwenye la tatu weka ni. Ka-ri BU ni, ka-ri BU ni. Hiyo ndiyo mazurka: pigo la kwanza limegawanyika, mawili yanayofuata ni mazima, na uzito uko kwenye la pili. Hukulazimisha chochote. Neno lenyewe lilikuwa limeshaweka mkazo mahali pake.

Badilisha maneno ili mdomo usizoee neno moja: asanteni, wanacheza, tunaimba, watakuja. Kila neno la silabi nne litakaa. Ukiweza kusema maneno manne tofauti mfululizo bila kukatika, ongeza metronomu kwa 10, na uendelee hivyo mpaka 150. Kasi hiyo ndiyo mazurka nyingi zinapoishi.

Kisha ongeza mwili. Mguu ukanyage kwenye ka, makofi yapige kwenye BU, hakuna kingine. Hapa ndipo wengi huanguka: baada ya vipimo sita au saba makofi huteleza na kuungana na mguu, na walzi inarudi. Ukiona hivyo, usipambane. Ondoa mguu kabisa, piga makofi peke yake kwenye BU kwa dakika moja, halafu rudisha mguu taratibu. Sababu ya kuteleza ni kwamba mguu ni mzito kuliko kofi na huvuta masikio.

Zoezi la tatu ni gumu na lina faida kubwa kuliko yote. Tunga vipimo vinne. Katika cha kwanza na cha tatu kofi libaki kwenye BU. Katika cha pili na cha nne lihamie kwenye ni, huku mdomo ukiendelea kutamka neno kama kawaida. Mdomo unasema mbili, mkono unasema tatu. Mgongano huo ni chakula cha kila siku katika muziki wa Mazowsze, eneo linaloizunguka Warszawa ambako mazurka ilipata jina lake. Anayefundishwa kwamba “mkazo uko kwenye mbili” na kuishia hapo atashangaa nusu ya mazurka zitakapomkatalia.

Jambo la mwisho kabla ya kuacha makofi: rudisha metronomu hadi 50, na sasa kila mlio uwe mwanzo wa kipimo kizima. Yaani mlio unagonga kwenye ka tu, mapigo mawili mengine unayaweka mwenyewe. Utagundua kwamba una nafasi ya kuvuta BU kidogo na kulipa deni kwa kufupisha ka-ri, mradi ufike kwa wakati kwenye mlio unaofuata. Fanya hivyo kwa makusudi. Mapigo matatu ya mazurka hayana urefu sawa, na mtu anayefanya mazoezi na metronomu inayogonga kila pigo hawezi kuligundua hilo kamwe. Hiyo 50 hatukuibuni: ndiyo kasi ambayo Chopin aliiandika juu ya mazurka yake opus 7 namba 1 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), mlio mmoja kwa kipimo.

Wimbo wa kwanza wa kujaribia

Anza na wimbo wa taifa wa Polandi. Unaupata kila timu yao ya mpira inapocheza, na wengi hawajui kwamba ni mazurka; hata jina lake, Mazurek Dąbrowskiego, linasema hivyo. Maneno yaliandikwa na Józef Wybicki mwaka 1797, si Polandi bali Reggio Emilia huko Italia, kwa ajili ya askari wa Kipolandi waliokuwa wakipigana chini ya Wafaransa baada ya nchi yao kugawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Ulifanywa rasmi wimbo wa taifa mwaka 1927.

Sikiliza mwisho wa nusu ya kwanza ya mstari wa kwanza, maneno “nie zginęła”, yaani haijaangamia. Nye-zgi-NE-wa. Silabi nne, mkazo kwenye ya tatu: ni karibuni tupu. Tofauti ni kwamba silabi mbili za kwanza hazilingani, ya kwanza inavutwa na ya pili inadokolewa, kaa-ri BU ni. Rudi kwenye zoezi la kwanza na ulifanye hivyo pia, kwa kuwa umbo hilo la kudokoa limejaa kwa Chopin.

Bendi za kijeshi huupiga kwa uzito kiasi kwamba ngoma inakaribia kupotea. Ukiona hausikii kitu, tafuta kwaya au kikundi kidogo cha fidla. (Wimbo huu una uhusiano na Afrika Mashariki pia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu ndani ya Urusi, waliishi Tengeru karibu na Arusha. Wengine waliwekwa Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo.)

Ngoma tano, na namna ya kuzitofautisha

Wapolandi huhesabu ngoma tano za kitaifa: mazur, kujawiak, oberek, krakowiak na polonez. Tatu za kwanza ni ndugu wa tumbo moja, zote za mapigo matatu na zote za neno “karibuni”. Zinatofautiana kwa kasi na tabia.

Kujawiak inatoka Kujawy, kaskazini-magharibi ya Warszawa. Ni ya polepole, laini, mara nyingi ya huzuni, na inapumua: inakawia mwishoni mwa kifungu kisha inarudi. Mfano mzuri ni Kujawiak ya Henryk Wieniawski kwa fidla, mtunzi aliyezaliwa Lublin mwaka 1835. Mazur ni ya wakuu, ina fahari, visigino vinagongana, wanaume wanakanyaga sakafu. Sikiliza mazur katika opera za Stanisław Moniuszko, Halka na Straszny dwór. Oberek ndiyo ya kasi kuliko zote. Jina lake linatokana na kitenzi cha kuzunguka, na wachezaji huzunguka kweli mpaka ukumbi mzima unageuka pamoja nao.

Oberek ina mtego kwa sikio la Pwani. Aliyelelewa na chakacha amezoea mapigo sita yaliyopangwa kwa mawili, na oberek inapokuwa ya kasi vipimo vyake viwili vya tatu-tatu hushikana na kusikika kama sita. Ukishaisikia hivyo, mkazo unayeyuka. Dawa yake ni kupunguza kasi ya video hadi 0.75, si chini ya hapo kwa sababu fidla huanza kusikika kama imefunikwa blanketi, na kufuata ngoma badala ya fidla. Ukishapata BU, rudisha kasi ya kawaida bila kusimamisha video.

Krakowiak ni ya Kraków na ni ya mapigo mawili, si matatu. Hapa neno lako ni “karibu”, bila ni. Ka-RI-bu: ka fupi, RI ndefu mara mbili, bu fupi. Gawanya mapigo mawili katika sehemu nne zilizo sawa: ka inachukua sehemu moja, RI mbili, bu moja. RI inaanza kabla ya pigo la pili na kulipita, na ndiyo maana krakowiak inaruka kama farasi. Asante, habari, safari, kijana, yote yanakaa. Kosa la kawaida ni kufanya silabi tatu ziwe sawa, na hapo unakuwa umetengeneza kitu kingine kabisa. Ukiwa na shaka, piga mguu mara mbili kwa usawa na uhakikishe mguu wa pili unatua katikati ya RI, wakati hakuna silabi mpya inayoanza.

Polonez ni ya mapigo matatu lakini haina undugu wa karibu na zile tatu. Ni mwendo, si mzunguko: jozi nyuma ya jozi zinatembea, hatua tatu kwa kipimo, goti likilegea kidogo kabla ya hatua ya kwanza. Maneno ya Kiswahili hayasaidii hapa, tumia sauti za ngoma: dum-taka dum-dum dum-dum. Dum ya kwanza ni nusu pigo, ta na ka ni robo pigo kila moja, nne zinazobaki ni nusu nusu. Ukisema haraka mno utajikwaa kwenye taka. Weka metronomu 80 hadi utulie. Wanafunzi wa Polandi hucheza polonez siku kama 100 kabla ya mtihani wao wa mwisho wa sekondari, na siku hizi wengi hutumia ile aliyoitunga Wojciech Kilar kwa filamu ya Pan Tadeusz ya mwaka 1999. Mapigo yake yako wazi mno, kwa hiyo inafaa kuwa ya kwanza kuisikiliza. Ngoma yenyewe iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2023.

Kijijini, kabla ya jukwaani

Kikundi cha kijiji cha Mazowsze ni kidogo: fidla moja, ngoma inayofanana na tari kubwa yenye vibati na kupigwa kwa kijiti, na basy, ala ya nyuzi iliyo kama mtoto wa selo, inayokokota sauti moja au mbili bila kuzibadili sana. Baadaye akodiani iliingia na katika vijiji vingine ikaisukuma basy nje. Kila kimoja kina kazi yake: fidla inapambana na mkazo, ngoma inautaja, basy inavuma chini.

Sikiliza kwa utaratibu huu. Mara ya kwanza sikiliza ngoma tu, ukipiga makofi pamoja na vibati. Mara ya pili tafuta ule uvumi wa basy na uufuate kwa kuguna. Mara ya tatu ndipo uruhusu fidla. Anayeanza na fidla hupotea, kwa sababu mpiga fidla wa kijiji hupamba kila noti na hupenda kuanza kifungu kabla au baada ya ngoma kwa makusudi.

Kwa wapigaji wa sasa, Janusz Prusinowski na kikundi chake, Kompania, walijifunza kwa kukaa na wazee wa vijijini, na hilo linasikika katika urefu usiolingana wa mapigo yao. Kapela ze Wsi Warszawa walianza mwaka 1997 na wanapiga kwa nguvu za vijana wa mjini. Ndani yake utasikia pia uimbaji unaoitwa “mweupe”, sauti ya koo lililofunguka, kali, ya kuitana kutoka shamba hadi shamba. Kundi la Tulia lilipeleka uimbaji huo Eurovision mwaka 2019. Maria Pomianowska naye alichangia kuifufua suka, fidla ya kale inayopigwa ikiwa imesimamishwa wima, nyuzi zikibonyezwa kwa kucha badala ya ncha za vidole.

Tahadhari moja. Ukitafuta “muziki wa asili wa Polandi” utakachopata kwanza ni vikundi vikubwa vya serikali: Mazowsze, kilichoanzishwa mwaka 1948 na Tadeusz Sygietyński na mkewe Mira Zimińska, na Śląsk cha Stanisław Hadyna cha mwaka 1953. Ni vizuri, mavazi yao ni ya kupendeza na kwaya zao zimenyooka. Lakini nyimbo zimepangwa upya kwa okestra, na kunyoosha huko kumesawazisha mapigo. Watazame kwa ajili ya ngoma na hatua za miguu. Kwa mdundo, rudi kwenye fidla moja na tari.

Milimani kusini, Podhale, kanuni zote hizi zinakoma. Muziki wa wakazi wa milima ya Zakopane ni wa mapigo mawili, fidla moja inaongoza na nyingine zinajaza, na ngazi yao ya sauti ina noti ya nne iliyopandishwa, ambayo mgeni huisikia kama kosa. Usijaribu karibuni huko. Kikundi cha ukoo wa Trebunie-Tutki kiliurekodi muziki huo pamoja na Twinkle Brothers wa reggae ya Jamaika katika miaka ya 1990, na muungano ulikaa vizuri kuliko mtu angetarajia.

Kwa Chopin

Fryderyk Chopin alizaliwa Żelazowa Wola mwaka 1810, akaondoka Polandi Novemba 1830 na hakurudi tena. Alifariki Paris mwaka 1849. Mwili wake umezikwa huko, moyo wake uko ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu, Warszawa. Aliandika mazurka zaidi ya 50, na aliendelea nazo maisha yake yote. Humo ndimo alimoihifadhi nchi yake, kwa maoni yetu kwa uaminifu mkubwa kuliko katika polonez zake mashuhuri.

Anza na opus 68 namba 3. Sehemu yake ya katikati ni fupi, nayo ni kijiji kitupu: mkono wa kushoto unavuma kwa sauti mbili zisizobadilika kama basy, na wimbo wa juu unagusa ile noti ya nne iliyopandishwa. Kisha opus 56 namba 2, inayoanza moja kwa moja na uvumi huo. Halafu opus 7 namba 1, ambayo wengi wameisikia bila kujua jina. Opus 17 namba 4 iache ya mwisho, maana inaanza kana kwamba haina mdundo wala ardhi ya kusimama. Usipokuwa na karibuni mwilini utaiona ni ukungu mzuri tu.

Mazurka moja ya Chopin aghalabu huchanganya ndugu watatu. Chukua penseli, na kila muziki unapobadilika andika K, M au O: kujawiak, mazur, oberek. Ukikuta sehemu imekataa herufi zote tatu, iache na uendelee. Baada ya mazurka tano mkono utaandika wenyewe.

Mpiga piano Charles Hallé alimwambia Chopin kwamba mazurka zake zinasikika kama zina mapigo manne, kwa jinsi alivyokawia kwenye noti ya kwanza ya kipimo. Chopin alikataa. Hallé akamwomba apige, akahesabu nne kwa sauti, na zikalingana. Chopin alicheka, akaeleza kwamba hiyo ni tabia ya taifa katika ngoma hiyo. Ndiyo sababu tunasisitiza metronomu igonge mara moja kwa kipimo.

Kwa anayepiga, kasoro tatu hujirudia. Ya kwanza ni pedali: ukiikanyaga kwenye moja na kuishikilia kipimo kizima, mkazo wa mbili unazama katika mwangwi wa besi. Iachie kwenye pigo la pili, au la tatu pale mkazo ulipo hapo. Ya pili ni kuufanya mkazo kuwa kelele. Sema karibuni kwa kunong’ona: BU bado ina mkazo, ingawa hakuna kelele. Ni urefu na uzito. Kwenye kinanda cha umeme chenye vitufe vyepesi fundisho hili ni muhimu maradufu, kwa kuwa ukibonyeza kwa nguvu sauti inapasuka tu. Ya tatu ni mkono wa kushoto uliolala, ambao viitikio vyake (noti zinazogongwa pamoja) vya pigo la pili na la tatu vinafanana kama matofali. Upige peke yake, ukisema maneno ya silabi nne kwa mdomo, mpaka viitikio viwili viwe na uzito tofauti bila wewe kufikiri. Siku tatu hadi nne zinatosha kwa ukurasa mmoja.

Nani wa kumsikiliza

Chagua mazurka moja na uisikilize kwa wapigaji watatu siku moja. Ignacy Friedman, mzaliwa wa Podgórze ng’ambo ya mto kutoka Kraków, alirekodi mazurka 12 mwaka 1930. Sauti ya santuri ina mikwaruzo, lakini hakuna rekodi inayoonyesha ngoma kwa ujasiri kama hiyo: anavuta na kukata pigo mpaka unataka kusimama. Arthur Rubinstein, mzaliwa wa Łódź, alizirekodi zote mara tatu katika maisha yake. Seti ya miaka ya 1965 na 1966 ni safi, tulivu, na mikazo yake ni ya mtu anayezungumza. Wa tatu awe wa kizazi kipya, na hapo mashindano ndiyo yanayosaidia.

Mashindano ya Kimataifa ya Piano ya Chopin yalianza Warszawa mwaka 1927 na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wapolandi walioshika nafasi ya kwanza ni Halina Czerny-Stefańska (1949, pamoja na Bella Davidovich), Adam Harasiewicz (1955), Krystian Zimerman (1975) na Rafał Blechacz (2005). Ipo zawadi ya pekee ya mazurka, ambayo Blechacz aliichukua pia. Yule aliyeichukua mwaka 1955 alikuwa Fou Ts’ong, Mchina, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mazurka inahitaji damu ya Kipolandi. Inahitaji sikio. Taasisi ya Chopin huweka video za mashindano bure kwenye YouTube. Tafuta hatua inayotangulia fainali, ambapo washindani hupiga seti nzima ya mazurka, na uwasikilize watatu au wanne wakiipiga opus ileile. Hapo ndipo utaanza kuwa na maoni yako.

Kusoma majina

Tahajia ya Kipolandi inatisha kwa macho tu. Sauti zake nyingi unazo. Ł ni w, W ni v, J ni y, CZ ni ch, SZ ni sh, Ń ni ny, C pekee yake ni ts, CH ni h, Ó ni u. Ż na RZ ni sh iliyowekewa mtetemo wa koo. W ikitangulia konsonanti nyepesi kama s husikika f. Kwa hiyo Szymanowski ni Shimanofski, Lutosławski ni Lutoswafski, Górecki ni Guretski, Penderecki ni Penderetski, na Łódź ni karibu na Wuch. Mkazo uweke kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ungefanya nyumbani.

Katika kutafuta, andika mazurek kwa umoja na mazurki kwa wingi. Neno mazurka litakuletea piano peke yake. Kapela ni kikundi cha kijiji, skrzypce ni fidla. Katika baadhi ya katalogi, ą au ó ya jina hukubali kuandikwa bila alama, lakini ł haikubali kuchukuliwa kama l. Jina likikosekana, nakili lenye ł kutoka mahali pengine na ulibandike.

Mdundo uliendelea wapi

Karol Szymanowski alivutiwa na muziki wa milimani Zakopane na mwaka 1924 akaanza mazurka 20 za opus 50, akioanisha mapigo matatu ya Mazowsze na ile noti ya nne ya watu wa milimani. Mtu wa kijijini angeshangaa, kwani maeneo hayo mawili hayachezi pamoja. Kwenye piano yamekubaliana. Grażyna Bacewicz, mpiga fidla na mtunzi, aliandika oberek kwa fidla na piano ambazo ni fupi na zinakimbia. Witold Lutosławski alichukua nyimbo za Mazowsze zilizokusanywa na Oskar Kolberg katika karne ya 19, akazivunja na kuzijenga upya katika Konseto ya Okestra ya mwaka 1954. Usitafute karibuni katika Tren (ombolezo) ya Penderecki ya mwaka 1960 kwa ala 52 za nyuzi, wala katika Simfonia ya Tatu ya Henryk Górecki ya mwaka 1976, iliyouza zaidi ya nakala milioni moja baada ya rekodi ya Dawn Upshaw ya 1992. Hizo zinasikilizwa kwa njia nyingine, na simfonia hiyo inataka ukae kimya tangu besi za mwanzo zinapoanza karibu bila sauti.

Jazi ya Polandi ina mlango wake: Krzysztof Komeda na Astigmatic, iliyorekodiwa 1965, kisha tarumbeta ya Tomasz Stańko. Lakini kwa anayefuata mdundo, Zbigniew Namysłowski ndiye mtu wake. Santuri yake ya 1975 inaitwa Kujaviak Goes Funky, na jina halidanganyi. Czesław Niemen, sauti kubwa kuliko zote za roki yao, atakuvuta kwa koo lake kabla ya mdundo. Na Grzegorz Ciechowski wa kundi la Republika alitoa mwaka 1996 albamu iliyopachika sauti za waimbaji wa vijijini juu ya mashine za ngoma. Weka kofi lako kwenye BU uone ni wapi mashine inakubali na wapi waimbaji wanakataa.

Ukimaliza yote, jipime. Chopin aliandika konseto mbili za piano kabla ya kuondoka Polandi, moja katika E ndogo na nyingine katika F ndogo. Sehemu ya mwisho ya moja ni krakowiak, ya nyingine imejengwa juu ya mazurka. Mwombe mtu akufungulie mojawapo bila kukuambia ni ipi, funga macho, na useme kwa sauti: karibu, au karibuni?